Madaraja Yenye Paa ya Mji wa Luzern



Tangu tuliporudi safarini wengi wenu mmetuuliza, "Huko Ulaya mmeona nini?" Nasi tumewajibu habari za theluji, na za treni zinazoondoka kwa dakika yake, na za ng'ombe waendao malishoni na kengele shingoni. Lakini jambo moja hatukulisimulia bado, maana lataka kusimuliwa pole pole. Jambo hilo ni daraja.

Mwajua kwa nini sisi tulikuwa tukitazama madaraja kuliko wasafiri wengine. Yapata miaka miwili sasa, wakati wa masika, daraja letu la miti, lile la kuvukia kwenda mashamba ya mpunga, lilikatika. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa juu yake, na mzigo kichwani. Maji yalimrudisha siku ya tatu, tukamzika. Nasi tunaoandika haya hatuwezi kujitoa katika lawama, kwa kuwa mti ule uliooza tulikuwa tumeuona kabla ya Krismasi. Tulisimama juu yake, tukaupiga kwa kisigino, ukaitika kama ngoma iliyolowa. Tukasema, "Baada ya mavuno tutaubadili." Mavuno hayakuwahi, masika yakatangulia.

Basi, kila tulipoona daraja huko ugenini, miguu yetu ilisimama yenyewe.

Kufika kwetu Luzern

Tulikuwa makatekista watatu, tumealikwa na marafiki wa misioni katika nchi ya Uswisi. Mji wa Luzern haukuwa mgeni kabisa masikioni mwetu. Mapadre Wakapuchini wa Uswisi walianza kazi katika nchi yetu mwaka 1921, wakakaa Dar es Salaam na Mahenge, na nyumba yao ya Wesemlin iko kilimani juu ya mji huo. Kadhalika masista wa Baldegg, waliowafundisha mama zetu wengi kusoma na kushona, asili yao ni kijiji cha Baldegg katika jimbo hilo hilo la Luzern. Kwa hiyo tulikwenda kama watu waendao kuitazama nyumba ya jirani ambaye amekula kwao mara nyingi, lakini wao hawajala kwake.

Kituoni tulipokewa na padre mmoja mzee, aliyekaa kwetu muda wa miaka mingi hata Kiswahili chake kina lafudhi ya milimani kwetu.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, walimu wangu. Poleni na safari. Wekeni mizigo, twende mtoni kwanza. Chakula kitatungoja, lakini jua la Ulaya halingoji mtu."

Mto wenyewe waitwa Reuss. Hutoka ziwani, ukaupasua mji katikati, na maji yake ni ya kijani, mepesi, yaendayo kwa haraka bila kelele. Juu ya maji hayo tuliona kitu ambacho hatukujua tukiiteje: nyumba ndefu sana, nyembamba, ya mbao iliyopigwa weusi na miaka, yenye paa la vigae, imesimama juu ya nguzo ndani ya mto. Nyumba hiyo haikwenda moja kwa moja, ila ilipinda njiani kama nyoka avukaye barabara. Karibu nayo, mtoni kati, palisimama mnara mnene wa mawe, wenye pande nane.

Mwenzetu mmoja akauliza, "Padre, ni ghala hilo?"

Padre akacheka. "Hilo ni daraja, Mwalimu. Waliliwekea paa."

Tukanyamaza. Sisi kwetu hata shule nyingine haina paa zima.

Daraja la Kikanisa

Jina lake ni Kapellbrücke, maana yake daraja la kikanisa, kwa sababu linaanzia karibu na kikanisa cha Mtakatifu Petro. Lilijengwa katika karne ya 14, nalo lahesabiwa kuwa daraja la mbao lenye paa lililo la kale kuliko yote yaliyobaki Ulaya. Mnara wa maji ni wa kale kuliko daraja. Ulitumika zamani kuwa hazina ya mji, na mahali pa kutunzia hati, na gereza pia. Daraja nalo halikuwekwa kwa ajili ya kuvuka tu. Lilikuwa sehemu ya ukuta wa mji, ili adui ajaye kwa mashua kutoka ziwani akute njia imezibwa. Ndiyo sababu linapita mshazari, bila kufuata njia fupi.

Leo urefu wake ni mita 204 na kitu. Hapo kale lilikuwa refu zaidi, lilipita mita 270. Lakini katika karne ya 19 watu walijaza udongo kando ya mto ili kupata njia pana, na kipande cha daraja kikaondolewa, maana mto wenyewe ulikuwa umepunguzwa.

Tuliingia. Ndani mna kivuli na harufu ya mbao kavu. Sakafu yatoa sauti chini ya viatu, na pande zote mbili mna ukingo wa mbao, nawe waona maji yakipita chini na mlima mbele yako. Juu, kila baada ya hatua chache, pana kenchi la kushika paa, na katika pembe tatu ya kila kenchi zamani palipachikwa picha iliyochorwa juu ya ubao. Picha hizo zilichorwa katika karne ya 17. Aliyezipanga ni karani wa mji, jina lake Renward Cysat, na mchoraji mkuu alikuwa Hans Heinrich Wägmann. Hadithi zake ni za nchi ya Uswisi, na za mji, na za watakatifu wawili walinzi wa mji, Leodegar na Mauritius. Huyu Mauritius, kama mapokeo yasemavyo, alikuwa jemadari wa kikosi cha askari kutoka Thebe ya Misri. Tulifurahi kumkuta hapo, mtu wa bara letu, amekaa juu ya mto wa Wazungu akiulinda mji wao.

Padre alituonyesha pia habari ya jitu. Mwaka 1577 mti mkubwa uling'oka karibu na kijiji cha Reiden, na chini ya mizizi ikaonekana mifupa mikubwa mno. Tabibu mmoja mashuhuri, Felix Platter, akaipima, akasema ni mifupa ya mtu wa kale, jitu. Mji ukaamini, ukamweka jitu huyo miongoni mwa picha za daraja. Baadaye sana wataalamu walitambua kwamba ilikuwa mifupa ya mnyama wa jamii ya tembo aliyekwisha potea duniani. Lakini picha hawakuiondoa. Padre alisema, "Wazee walikosea, nasi twalitunza hata kosa lao. Kama ungefuta kila walipokosea, ungebaki na picha ngapi?"

Usiku wa moto

Tulipofika katikati ya daraja tuliona jambo la kutushangaza. Mbao zilikuwa mpya kuliko zile za mwanzo, na juu, katika kenchi, nafasi nyingi zilikuwa tupu. Hakuna picha. Tukamtazama Padre.

Akaegemea ukingo, akasema: "Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti, mwaka 1993. Mimi nilikuwa kwenu bado. Ndugu yangu aliniandikia barua, nikaisoma chini ya mwembe, nikalia mbele ya watoto wa shule. Wakadhani nimefiwa."

Moto uliwaka usiku huo baada ya saa sita. Husemwa kwamba chanzo chake ni kipande cha sigara kilichotupwa na mtu asiyefikiri. Mbao zilikuwa zimekauka kwa karne nyingi chini ya paa, kwa hiyo moto ulikimbia kama unavyokimbia katika nyasi za Septemba. Kulipopambazuka sehemu kubwa ya katikati ilikuwa imekwisha. Mnara wa mawe ulisalia, na ncha mbili za daraja zilisalia. Kabla ya moto, picha zilizokuwapo, pamoja na zile zilizowekwa akiba, zilikuwa 147. Mabaki ya picha 47 yaliokotwa; zilizoweza kutengenezwa kabisa ni 30 tu.

Watu wa mji hawakungoja. Tarehe 14 Aprili 1994, yaani miezi minane hivi baadaye, daraja lilifunguliwa tena, limejengwa kwa mbao kama la kwanza, na watu wakavuka.

Hapo mwenzetu yule yule, ambaye hapendi kuficha neno, alisema: "Padre, utuwie radhi. Mbao za katikati ni mpya, picha zimeungua. Basi, lile daraja la karne ya 14 liko wapi? Hili si daraja jingine lenye jina la marehemu?"

Padre hakukasirika. Alijibu, "Mwalimu, hata kabla ya moto, mbao nyingi za daraja hili hazikuwa za karne ya 14. Kila zamani iliondoa zilizooza na kutia nyingine. Daraja la mbao haliishi kwa mbao zake. Laishi kwa sababu kila kizazi kina watu wanaojua kulitengeneza, na wanaotaka. Tazama tofauti. Daraja lilirudi kwa miezi minane, kwa kuwa vipimo vilijulikana na maseremala walikuwapo. Picha hazikurudi, kwa kuwa mkono uliozichora haupo, wala haukuacha mwanafunzi. Twaweza kutia nakala, na watu wengine wamelitaka jambo hilo. Lakini nakala si ile."

Tukatazama juu, kwenye pembe tatu zile tupu. Tukaona kwamba hata uwazi wafundisha.

Daraja walilolivunja wenyewe

Msidhani kwamba mji huo haukukosa kamwe. Luzern ilikuwa na daraja jingine lenye paa, refu kuliko hili, likiitwa Hofbrücke, lililowapeleka watu kanisani kwa Mtakatifu Leodegar. Urefu wake ulipita mita 300, na picha zake zilikuwa hadithi za Biblia, Agano la Kale na Agano Jipya, hata mtu aendaye kusali aliweza kusoma njia nzima bila kujua herufi. Daraja hilo halikuchomwa na moto wala halikuchukuliwa na maji. Watu wenyewe walilivunja katika karne ya 19, kipande baada ya kipande, walipojaza ukingo wa ziwa ili kupata barabara na mahali pa kutembea wageni. Leo wageni hutembea hapo kwelikweli, wala hawajui wanakanyaga nini.

Padre alisema neno moja tu: "Moto ulituibia nusu. Hili tulilitoa wenyewe."

Daraja la Makapi

Kisha tukashuka mto mpaka daraja la tatu. Hili laitwa Spreuerbrücke, yaani daraja la makapi, na jina hilo lilitupendeza sisi wapepetaji. Hapo kale vinu vya kusagia nafaka vilikuwa karibu, na sheria ilikataza watu kutupa makapi mtoni popote isipokuwa hapo, kwa sababu daraja hili liko chini kuliko mengine, na makapi hayangechafua maji ya mji.

Lilikamilika mwaka 1408. Mwaka 1566 mafuriko yalilivunja, wakalijenga tena, na mwaka 1568 wakaweka juu yake kikanisa kidogo cha Bikira Maria. Picha zake zimesalia nyingi: zilikuwa 67, sasa ziko 45. Alizichora Kaspar Meglinger pamoja na wasaidizi wake katika karne ya 17, na habari yake ni moja kutoka mwanzo hadi mwisho: Mauti huwachukua watu wa kila cheo. Mauti huonekana kama mifupa mitupu, mchangamfu, amemshika mkono mfalme, na askofu, na mfanyabiashara, na bibi arusi, na mkulima. Familia zilizolipia picha zilitiwa humo na ngao zao. Tulistaajabu: walitoa fedha ili wachorwe pamoja na Mauti, na picha ikatundikwa mahali ambapo jirani zao walipita kila siku.

Mmoja wetu alisimama muda mrefu chini ya picha hizo, hakusema neno. Tulijua anamfikiri nani. Yule mama aliyechukuliwa na mto alikuwa shangazi yake.

Kwa nini daraja liwekewe paa

Baada ya chakula tulimwuliza Padre sababu ya mapaa haya, maana sisi tulidhani ni kwa ajili ya kuwakinga wasafiri na theluji. Alisema hapana. Msafiri hupata faida, lakini paa si kwa ajili yake. Paa ni kwa ajili ya boriti.

Mti ulio ndani ya maji sikuzote haufi upesi. Mti ulio mkavu sikuzote haufi upesi. Unaokufa ni ule unaolowa leo na kukauka kesho, na kulowa tena. Tena maji hayaanzi kuula mti mahali palipo wazi. Huanza penye kiungo, mahali boriti mbili zinapokutana, au palipopigwa msumari, au kwenye ncha iliyokatwa, kwa sababu ncha hunywa maji kama mrija. Kwa hiyo daraja laweza kuonekana zima juu, na kumbe limekwisha kufa ndani ya maungio. Boriti kubwa ni ghali, na kuibadili ni kazi ya watu wengi. Paa ni rahisi, na kulibadili ni kazi ya watu wachache. Basi, mwenye hekima huacha paa lioze mahali pa boriti.

Uswisi ilipata mafundi wakubwa wa kazi hii. Mmoja wao ni Hans Ulrich Grubenmann wa kijiji cha Teufen, aliyezaliwa mwaka 1709, seremala mwana wa seremala. Watu wa Schaffhausen walitaka daraja juu ya mto Rhine. Husimuliwa kwamba yeye alitaka kuvuka mto kwa mruko mmoja, bila nguzo katikati. Wakuu wakaogopa, wakamwamuru autumie mhimili wa mawe uliobaki wa daraja la kwanza. Akatii. Lakini daraja lilipokwisha mwaka 1758, watu walibishana miaka mingi kama kweli linaugusa mhimili ule, au limeupita tu kwa adabu. Jibu halikungojwa sana, maana mwaka 1799 askari wa Ufaransa walipokuwa wakirudi nyuma vitani walilichoma moto.

Mambo haya si ya Uswisi peke yake

Tuliporudi tulisoma zaidi habari za madaraja haya, tukaona kwamba yamejengwa katika nchi nyingine pia, na taabu yao ni moja.

Katika Marekani daraja kubwa la kwanza kuwekewa paa lilijengwa Philadelphia, juu ya mto Schuylkill, likafunguliwa mwaka 1805. Fundi wake, Timothy Palmer, alikadiria kwamba daraja lililofunikwa vizuri lingedumu miaka 30, labda 40. Alikadiria kidogo mno: mengi yaliyofuata yamepita miaka 100, na yangaliko yanayovukwa hata leo. Maelfu yalijengwa katika karne ya 19, kisha chuma kikaja, yakaachwa. Sasa yaliyosalia hayafiki elfu moja. Mojawapo lilikuwa la Blenheim, katika jimbo la New York, lililojengwa mwaka 1855 na Nicholas Powers, mruko mmoja wa mita 64. Tarehe 28 Agosti 2011 mafuriko ya tufani Irene yakalichukua lote. Watu wake walikaa miaka wakidai na kuandika barua, hata likajengwa jipya la mfano wa lile, likakamilika mwaka 2018. Nao waliliinua juu zaidi ya maji kuliko la kwanza.

Nako Uchina, katika milima ya Fujian na Zhejiang, wana madaraja ya mbao ambayo miti yake husukwa upinde mmoja na mwingine kama mtu asukavyo ukindu, na juu yake hujengwa nyumba ya kupumzikia na ya kufanyia biashara. Ufundi huo hupokezana kwa mdomo na kwa mkono, baba kwa mwana, fundi kwa mwanafunzi. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliutia ufundi wenyewe katika orodha ya mambo yanayotaka kuokolewa upesi, kwa sababu wazee waliujua na vijana hawakuufuata. Angalieni neno hili: hawakuandika madaraja tu, waliandika ujuzi wa kuyajenga. Mwezi wa Septemba 2016 tufani ilivunja madaraja matatu ya kale kwa siku moja katika wilaya ya Taishun. Watu wa vijiji wakafuata mto wakikusanya mbao zao, wakazileta kwa mafundi, nayo madaraja yakasimama tena. Kama mafundi wale wasingalikuwapo, mbao zile zingalikuwa kuni.

Nyumbani

Basi, tukarudi kwetu. Mwamjua mzee wetu fundi seremala, aliyelijenga daraja letu la zamani, na la kabla ya hilo. Umri wake umepita miaka 70, na macho yake yana ukungu. Tulikwenda kumsalimu siku ya pili.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, wanangu. Nasikia mmeona daraja lenye nyumba juu yake."

Tukamweleza yote, toka nguzo hadi kenchi. Alisikiliza, mikono juu ya fimbo. Mwisho akauliza, "Na paa lao wameezeka kwa nini?"

"Vigae, Baba."

"Na ncha za boriti? Zimekaa juu ya udongo, au juu ya mawe?"

"Juu ya mawe, Baba."

Akatikisa kichwa. "Nilijua. Hata mimi niliwaambia, wekeni mawe. Wakasema mawe yako mbali."

Tukaona haya, kwa sababu waliosema mawe yako mbali ni sisi.

Kisha tukamwambia neno tulilolijia: kwamba anao ujuzi wa kuchagua mti, na wa kuufunga, wala hakuna kijana aliyeupokea, naye akienda, hatutapata wa kumwuliza. Neno hilo ni gumu kumwambia mzee. Alinyamaza kitambo, akasema, "Nilikuwa nangoja mniulize. Mtu hawezi kujiita mwalimu mwenyewe."

Wakati wa kiangazi tulianza. Vijana wanne walifuatana naye msituni, wawili wakimwongoza kwa mkono. Aligusa magome kwa vidole, akasema, "Huu ni mninga, lakini ni mchanga, uacheni," na "Huu mkongo, umekomaa, huu utatufaa." Mawe tuliyachukua kutoka kule mbali, wanaume kwa wanawake, jumamosi sita. Paa zima hatukuweza. Fedha hazikutosha, na mto wetu ni mpana kuliko mfuko wetu. Lakini mzee alituonyesha kazi ya maskini: kila ncha ya boriti aliivika kofia ya bati kuukuu, na kila kiungo akakifunika kipande cha bati kilichoinama kidogo, ili maji yamwagike nje yasilale ndani. "Paa ni paa," alisema, "hata likiwa la kuufunika mti na si mtu."

Tena tumeweka daftari. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi watu wawili hulikagua daraja, wakagonga kila boriti kwa nyundo na kuchoma kila kiungo kwa ncha ya kisu, wakaandika walichoona. Na likionekana bovu, hakuna ruhusa ya kuandika "baada ya mavuno." Neno hilo limekatazwa katika daftari letu. Mwenye kutia sahihi mwezi wa kwanza alikuwa yule mwenzetu aliyefiwa na shangazi yake.

Wasomaji wapenzi, wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijua mithali hiyo tangu utoto, tukawafundisha watoto, wala haikutusaidia, kwa sababu tuliijua kwa kinywa. Huko Luzern tuliiona imejengwa kwa mbao juu ya mto. Wale nao walikosa, wakavunja daraja moja kwa mikono yao, na jingine likaungua kwa uzembe wa mtu mmoja. Walakini wana maseremala, na wana desturi ya kutazama juu.

Nanyi mnaosoma haya, kila mmoja ana mto wake na kivuko chake. Jumapili hii mtakapokuwa mkivuka kwenda kanisani, simameni kidogo, mpige ubao kwa kisigino, mkasikilize sauti yake. Na kama kijijini kwenu yuko mzee ajuaye kazi ya mti, au ya jiwe, au ya chuma, msingoje ajiite mwenyewe. Nendeni mkamwulize.

Kwa herini.